Chaja, RAM, diski na betri: pima kwanza, nunua baadaye

Wanunuzi wengi huamua kwa namba moja iliyoandikwa kwenye boksi: gigahezi za prosesa, mAh (kipimo cha uwezo wa betri) za pawabenki, wati za chaja. Namba hizo kwa kawaida ni za kweli, ila kila moja inasema jambo dogo kuliko tunavyodhani. Hapa tunazipitia dhana zinazokula fedha na data za watu, pamoja na vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe, vingi vyao bila kununua chochote.

Chaja kubwa haiunguzi simu

Hofu ni kwamba chaja ya wati 65 "itasukuma" umeme mwingi na kuharibu betri ya simu iliyokuja na chaja ya wati 18. Sivyo. Chaja ndiyo inayotoa volti, lakini ampea huvutwa na kifaa kwa kadiri kinavyohitaji. Lebo ya 5 V/3 A ina maana kwamba chaja inaweza kutoa hadi ampea 3. Hailazimishi ampea hizo ziingie. Kwenye USB-C yenye mfumo wa Power Delivery, chaja huanza na volti 5, kisha hutaja volti ilizo nazo (5, 9, 15, 20), na simu huchagua inayoiweza. Wasipoelewana, volti hubaki 5 na simu huchaji polepole.

Hatari iko kwenye chaja za laptopu za pini ya duara, kwa sababu nyingi hazina maelewano ya namna hiyo. Kabla ya kuazima au kununua mbadala, soma lebo zote mbili. Volti ziwe zilezile. Ampea za chaja ziwe sawa na za laptopu au zaidi. Mchoro wa duara lenye nukta katikati, unaoonyesha upande wa chanya na hasi, ufanane. Ukikosea volti au upande wa chanya na hasi, unaweza kuunguza bodi. Ampea zikipungua, chaja huchemka, laptopu hupunguza kasi, na wakati mwingine asilimia ya betri hushuka ingawa waya umechomekwa.

Simu au laptopu ikichaji taratibu, chunguza kebo kabla ya kuilaumu chaja. Kebo ya kawaida ya USB-C hadi USB-C hupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kuvuka hapo, kebo lazima iwe na chipu ya utambulisho ndani ya kichwa chake inayoruhusu ampea 5, na hapo ndipo zinapopatikana wati 100, au hadi 240 kwa viwango vilivyotoka 2021. Ukichomeka chaja ya wati 100 kwa kebo isiyo na chipu hiyo, utapata 60, na mara nyingi hakuna ujumbe utakaokuambia.

Data nazo zina habari yake. Kebo nyingi zinazokuja na simu zina nyaya za USB 2.0 tu, yaani megabiti 480 kwa sekunde, hata kama kichwa ni USB-C. Ili kujua, nakili faili la GB 5 kutoka kwenye SSD ya nje (diski isiyo na sehemu zinazozunguka). Kasi ikikwama karibu na MB 40 kwa sekunde, badilisha kebo na urudie. Ikipanda mara kadhaa, umempata mkosaji.

Kuna vipimaji vidogo vyenye skrini vinavyochomekwa kati ya chaja na kebo. Soma volti na ampea, zidisha, utapata wati. Pima betri ikiwa kati ya asilimia 20 na 50. Betri ikikaribia kujaa, simu yenyewe hupunguza ampea, na wanaopima ikiwa asilimia 90 huishia kutupa chaja nzima.

Betri: joto ndilo adui

Ushauri wa kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena ulitoka kwenye betri za nikeli na kadimiamu. Betri za lithiamu za leo hazina tabia hiyo, na kuzishusha hadi sifuri kila siku huzichosha zaidi. Wala hakuna haja ya kuchaji simu mpya saa 12 mfululizo.

Kinachozimaliza ni joto, kukaa zimejaa kabisa kwa miezi, na kuachwa kabatini zikiwa tupu. Laptopu inayoshinda kwenye umeme iwekee kikomo cha asilimia 80 kama mtengenezaji ameweka chaguo hilo. Kifaa unachokiweka kando kwa muda mrefu kihifadhi kikiwa karibu na nusu. Kushusha hadi kizime na kujaza tena kuna faida moja tu: kurekebisha kipimo cha asilimia kinaporukaruka, mathalani kutoka 30 hadi 5. Uwezo wa betri yenyewe haurudi.

Usiamini hisia kwamba betri "imekufa". Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Ripoti itahifadhiwa kama faili la HTML, na njia yake itaonyeshwa hapohapo. Ndani yake linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Zikiwa 50,000 mWh na 36,000 mWh, betri imebaki na asilimia 72. Hiyo haijafa. Ikiwa laptopu inazima baada ya dakika 40, tafuta programu inayokula prosesa kabla ya kununua betri mpya. Ila kifuniko kikianza kuinuka au padi ya kugusa kugoma kubonyea, betri imevimba. Acha kuchaji, usiitoboe wala kuikandamiza, mpelekee fundi aitoe.

Na pawabenki? Namba ya mAh huhesabiwa kwa volti za seli zilizo ndani, takriban 3.7, si kwa volti 5 zinazotoka. Pawabenki ya 20,000 mAh ina wati-saa 74. Ondoa kama asilimia 15 zinazopotea kwenye ubadilishaji, zinabaki 63 hivi. Simu ya 5,000 mAh huhitaji wati-saa 19 hivi, kwa hiyo utaijaza mara tatu, si mara nne. Ikikupa tatu, usiirudishe dukani.

Kompyuta nzito haimaanishi RAM ni ndogo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fungua programu unazotumia siku zote, subiri uzito uanze, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Nenda kwenye ukurasa wa Performance na utazame mistari mitatu wakati kompyuta inakwama.

Memory (yaani RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanya kazi) ikiwa juu ya asilimia 90 na diski nayo inahangaika, RAM haitoshi. Mfumo unahamishia data diskini ili kupata nafasi, na hapo kuongeza RAM kutasaidia kweli.

Disk ikiwa 100 huku Memory iko nusu, tatizo ni diski, na mara nyingi utakuta ni diski ya kuzunguka. RAM hata ya GB 32 haitabadili kitu. Weka SSD.

CPU (prosesa) ikiwa juu huku Speed iko chini ya Base speed inayoonyeshwa pembeni, mara nyingi prosesa inajipunguza kwa sababu ya joto. Hakikisha kwanza chaja haina upungufu wa ampea na mfumo haujawekwa kwenye hali ya kuokoa umeme, kisha fungua usafishe vumbi.

Kuona RAM imejaa kiasi kikubwa bila kukwama si ugonjwa. Mfumo huweka humo data unazoweza kuzihitaji tena, na huiachia nafasi mara programu nyingine inapoiomba. Programu za "kusafisha RAM" hutupa data hizo, kisha kompyuta hulazimika kuzisoma upya kutoka diskini. Kwenye simu ni vilevile: kufunga programu zote kila baada ya dakika chache hufanya kila moja ianze upya na kula betri zaidi. Funga ile iliyoganda, nyingine ziache.

Ikithibitika kwamba RAM haitoshi, angalia mambo mawili kabla ya kununua. Kwanza, laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na haziongezeki. Pili, vipande viwili vya GB 8 kwa kawaida huipita kasi GB 16 ya kipande kimoja, kwa kuwa prosesa hutumia njia mbili kwa wakati mmoja. Tofauti huonekana zaidi kama kompyuta haina kadi ya michoro ya pekee. Kwenye bodi yenye nafasi nne, vipande viwili kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Baada ya kuwasha, rudi kwenye Task Manager usome kasi. RAM ya DDR4 iliyouzwa kama 3200 ikionyesha 2133 au 2400, huenda XMP (mpangilio unaoiruhusu RAM ifikie kasi iliyotangazwa) haijawashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza. Wengi hulipia kasi hiyo na kukaa miaka bila kuitumia.

SSD, flashi na nafasi "iliyoibwa"

M.2 ni umbo la kipande, si kasi. Ndani ya umbo hilo kuna SSD za aina mbili za mawasiliano na bodi: za SATA, zinazofika kama MB 550 kwa sekunde, na za NVMe, ambazo hata za PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia yake) hufika karibu 3,500. Ya NVMe mara nyingi ina mkato mmoja kwenye meno yake, ya SATA miwili, lakini neno la mwisho ni mwongozo wa bodi yako: nafasi nyingine hukubali aina moja tu, na SSD ikaingia vizuri bila kuonekana. Kwa kazi za ofisini tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo. Badiliko kubwa ni kuachana na diski ya kuzunguka.

SSD haina kichwa kinachotembea kutafuta vipande vya faili, kwa hiyo kuzipanga data upya hakuiongezei kasi, kunaiandikia bure tu. Ratiba ya Windows yenyewe iache, kwa kuwa inaitambua SSD na kuitumia amri ya TRIM, inayoiambia SSD data zipi hazihitajiki tena.

Diski ya TB 1 ikionyesha GB 931, hakuna aliyeiba. Mtengenezaji huhesabu baiti kwa maelfu, Windows hugawanya kwa 1024. Kwa hesabu hiyohiyo flashi ya GB 64 huonyesha 59.6 au pungufu kidogo.

Wizi wa kweli ni flashi na memori kadi feki. Chipu yake imepangwa idai GB 512 wakati ndani kuna chache mno. Unanakili picha, zinaonekana zimeingia, majina yake yapo. Ila data zilizovuka uwezo halisi zimeandikwa juu ya za zamani au hazikuandikwa popote. Siku ya kufungua ndipo unapolia. Kwa hiyo pima siku uliyonunua, wakati bado unaweza kuirudisha. Tumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Iwe tupu kwanza, kisha iache programu iandike hadi ijae na kusoma yote tena. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 15 kwa sekunde itachukua kama dakika 70 kuandika pekee, kwa hiyo usikatishe ukidhani imeganda. Kupima sehemu ndogo ya mwanzo hakusaidii, kwa sababu hata feki hufaulu hapo.

i7 si lazima iishinde i5

Jina bila kizazi halisemi kitu. Core i7-7500U ya 2016 ina viini (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) viwili. Core i5-8250U ya mwaka uliofuata ina vinne. Gigahezi nazo hulinganishwa ndani ya familia moja tu: Core 2 Duo za 2006 zenye GHz 2.4 ziliwashinda Pentium 4 za GHz 3.8, kwa kuwa zilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo. Andika namba kamili ya prosesa kabla hujalipa, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kwa skrini ya 144 Hz (inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde), ingia kwenye mipangilio ya skrini uichague hiyo 144. Windows mara nyingi huiacha kwenye 60. Kama kompyuta ina kadi ya michoro, kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye bodi.

Kusafisha, maji na kuuza

Unapopuliza vumbi, zima, chomoa umeme, na uzuie feni kwa kijiti isizunguke; ikizungushwa kasi na hewa, beringi zake huumia. Ukibadilisha pasta ya joto, tone la milimita 4 au 5 katikati ya prosesa ya kompyuta ya mezani linatosha. Toa karatasi ya plastiki chini ya kipozeo kipya kabla ya kukifunga.

Simu ikilowa, usiifukie kwenye mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani, na mwaka 2024 Apple iliandika wazi kwamba chembe zake zinaweza kuiharibu iPhone. Zima, igongegonge taratibu kiganjani tundu la chaja likitazama chini, iache penye hewa inayopita. Usichaji hadi ikauke, hata ikichukua siku nzima: umeme ukikutana na maji, kutu huanza kula pini.

Kabla ya kuuza kompyuta, kumbuka kwamba kufomati kwa haraka huacha data karibu zote mahali pake. Diski ya kuzunguka iandike upya yote mara moja. SSD haifai kuandikwa juu, kwa sababu chipu yake huhamisha maandishi kwenye seli nyingine na kuacha nakala. Tumia amri ya Secure Erase, inayofuta SSD yote, kupitia programu ya mtengenezaji au BIOS. Simu za miaka ya karibuni husimba data zenyewe, kwa hiyo kuirudisha kwenye hali ya kiwandani huharibu ufunguo wa kuzisomea. Toka kwanza kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple, la sivyo mnunuzi atakutana na kufuli lenye jina lako.