Kupanda Lushoto kwa Gari la Kukodi: Namna ya Kuipunguza Hofu Kabla ya Safari ya Familia

Dereva ambaye kila siku huendesha gari lake kutoka Mbezi hadi Posta jijini Dar es Salaam, katikati ya daladala na bodaboda, anaweza kukosa usingizi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhiwa gari la mtu mwingine ili ampeleke mkewe, watoto na mama mkwe wake Lushoto, mji wa milimani mkoani Tanga, kwa mapumziko ya Desemba. Hali hiyo haimaanishi kwamba hajui kuendesha. Kwa uzoefu wangu, watu wengi wenye hofu ya namna hii huilaumu barabara, hasa kona za mlimani, ilhali kinachowatia wasiwasi zaidi ni gari lenyewe: hawajui breki zake zinashika vipi, hawajui wiper inawashwa wapi, na wanajua kwamba mkwaruzo wowote utakuwa na bei. Mambo hayo yote yanaweza kujulikana kabla ya safari, na ndiyo maana mwongozo huu unatumia maneno mengi zaidi kwa siku inayotangulia safari kuliko kwa safari yenyewe.

Lichukue gari siku moja kabla, hata kama utalazimika kulipia siku ya ziada ambayo hutasafiri. Hiyo ndiyo fedha yenye faida kubwa kuliko zote utakazotumia katika likizo hiyo. Liendeshe peke yako, bila familia, asubuhi ya Jumapili au saa nyingine ambayo barabara za mtaani kwenu zina nafasi. Rekebisha kiti mpaka uweze kukanyaga breki hadi mwisho bila kunyoosha goti lote, weka sawa vioo vya pembeni, kisha washa na kuzima kila kitu kwa mkono bila kutazama: indiketa, taa kali, wiper, honi, na upepo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Mahali penye nafasi na pasipo gari nyuma yako, funga breki kwa nguvu mara mbili au tatu ili mguu wako ujifunze kiasi cha kukanyaga. Rudi nyuma. Egesha katika nafasi finyu. Panda kilima, simama katikati, kisha ondoka tena bila gari kuserereka.

Magari mengi ya kukodi nchini Tanzania yametoka Japani yakiwa yametumika, nayo yana vituko vyake. Katika baadhi ya Toyota Noah, breki ya kuegeshea hukanyagwa kwa mguu wa kushoto badala ya kuvutwa kwa mkono, na mtu asiyejua hilo anaweza kuitafuta kwa dakika tano huku ameegesha kwenye mteremko. Skrini huongea Kijapani, na redio, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani yaliwekwa chini zaidi kuliko ya kwetu, hukamata stesheni chache au hukosa kabisa ile mnayoipenda. Kwa hiyo andaa nyimbo kwenye simu mapema, usije ukaanza kuhangaika na redio ukiwa njiani.

Kama gari ni la otomatiki, jambo moja la kujifunza siku hiyo ni matumizi ya gia za chini. Wengi wetu tumezoea D peke yake na hatujawahi kugusa 2, L, au B iliyopo katika magari mengine. Jaribu kuhamia huko ukiwa katika mwendo mdogo, sikia injini inavyonguruma na kulizuia gari bila breki, kisha rudi D. Sauti hiyo isikutishe, kwa kuwa Lushoto utaisikia kwa muda mrefu na ndiyo itakayokulinda.

Kabla ya kutia sahihi, toa tairi la akiba nje ya buti ulione kwa macho, lijazwe upepo, na uhakikishe kwamba jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto vipo. Muulize mmiliki kuhusu kiti cha mtoto mapema, kwa sababu wengi hawana na itakubidi ubebe cha kwako.

Hofu ya fedha nayo inastahili kushughulikiwa kwa maandishi, si kwa kuaminiana. Niliwahi kulipa gharama ya kupaka rangi bampa la nyuma kwa mkwaruzo ambao mpaka leo naamini niliukuta, kwa sababu tu sikuwa na picha ya kuonyesha. Mmiliki hakuwa mtu mbaya, na huenda hata yeye hakukumbuka. Tangu hapo huzunguka gari lote nikirekodi video mchana kweupe, nikianzia kwenye namba ya usajili, nikipita kila mlango, kila rimu na kila kioo, kisha ndani, kisha kipimo cha mafuta na kilomita, na video hiyo humtumia mwenye gari papo hapo. Muulize ni nani atakayelipa nini ajali ikitokea. Bima kubwa hufidia pia uharibifu wa gari lenyewe ilhali bima ndogo hushughulikia madhara kwa watu wengine, lakini hata katika bima kubwa mara nyingi kuna kiasi cha mwanzo ambacho atabeba mtu, na mkataba useme kama mtu huyo ni wewe. Gari la mtu binafsi lililokatiwa bima ya matumizi binafsi na kisha likakodishwa linaweza kuleta mgogoro wakati wa kudai fidia, kwa hiyo swali hilo lisionewe aibu. Uhalali wa bima huweza kuhakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na faini zinazodaiwa gari huonekana katika mfumo wa Jeshi la Polisi. Angalia zote mbili na uhifadhi picha ya skrini, ili usije ukarithi deni la aliyekodi kabla yako.

Sasa njia. Usiifikirie kama safari moja ya Dar es Salaam hadi Lushoto, bali igawe katika vipande ambavyo kila kimoja kina mahali pa kupumzikia. Unaweza kutoka kwa Kibaha na Chalinze, ambako malori hayana idadi, au ukapitia Bagamoyo na kutokea Msata, njia ambayo dereva mwenye wasiwasi huiona kuwa na utulivu zaidi. Kutoka Msata utavuka Wami, ambapo daraja jipya limeuondoa ule mkao wa roho juu wa daraja jembamba la zamani, kisha utapita Mkata na Kabuku hadi Segera, ambako barabara ya Tanga inachepuka, halafu Korogwe na Mombo. Ondoka saa 12 asubuhi, simama kila baada ya saa mbili, na panga kufika Mombo si baadaye sana ya saa 8 mchana, ili mlima upandwe kukiwa na mwanga wa kutosha.

Katika barabara hiyo, kibao cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa ndicho rafiki yako mkubwa. Kila kijiji kina chake, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wanajua madereva huchelewa kupunguza mwendo na huwahi kuongeza. Kwa mtu mwenye hofu, kibao hicho kina faida nyingine: kinakupa ruhusa ya kisheria ya kwenda polepole hata kama basi lililo nyuma yako linapiga honi. Likitaka kupita, lipite. Malori yenyewe ni suala la subira. Dereva wa lori mara nyingi huwasha indiketa ya kushoto kukuambia njia ni nyeupe na ya kulia kukuzuia, lakini ichukue ishara hiyo kama taarifa tu, usiifanye kuwa idhini, kwa sababu indiketa ya kulia inaweza pia kumaanisha kwamba yeye mwenyewe anakata kona au anapita gari jingine. Kama huoni mbele kwa macho yako, baki nyuma yake. Ukikuta matawi ya miti yametupwa barabarani, elewa kwamba mbele kidogo kuna gari limeharibika, na punguza mwendo mara moja.

Mombo ni mahali pa kushuka, kula kidogo na kunywa maji. Kutoka hapo kuna takribani kilomita 30 na ushee za lami zinazopanda kiasi cha mita 1,000 kupitia Soni, zikiwa na ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Barabara ni nyembamba lakini nzuri, na hofu yake hupungua mtu anapoelewa kwamba hakuna sababu yoyote ya kukimbia. Tumia gia ndogo, kaa upande wako wa kushoto hata kama macho yanatamani katikati, na piga honi fupi kabla ya kona usiyoona mwisho wake. Mabasi na malori ya mboga yanayoshuka huhitaji nafasi kubwa kwenye kona, kwa hiyo ukisikia au kuona moja linakuja, simama kabla ya kona, si ndani yake, na uliache limalize. Magari yakirundikana nyuma yako, tafuta sehemu pana, washa indiketa ya kushoto na uyaruhusu yapite. Wenyeji wa huko huendesha kwa kasi kwa sababu wanaijua kila kona kwa jina, na wewe huna cha kushindana nao. Mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijaisha, na ukungu ukishuka, washa taa za kawaida, si taa kali, kwa sababu mwanga mkali hurudishwa na ukungu huo huo machoni pako.

Abiria nao wapangiwe kazi. Anayekaa mbele awe utingo wako: yeye ndiye mwenye simu, ramani, maji na fedha za njiani, na yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kukuambia jambo lolote kuhusu uendeshaji. Hakuna kinachoharibu utulivu wa dereva kama sauti nne zinazosema kwa pamoja "Baba Asha, punguza!" wakati Baba Asha amekwisha kupunguza. Mama mkwe aelezwe mpango huo kwa heshima jioni ya kuamkia safari, na kama anaogopa bonde, akae upande wa kulia, kwa kuwa sehemu nyingine dirisha la kushoto huning'inia juu yake. Watoto hutapika sana kati ya Mombo na Soni, hasa wakitazama simu, kwa hiyo wape chakula chepesi, wafungue dirisha kidogo, watazame mbele, na mifuko iwe karibu. Dawa za kuzuia kichefuchefu nyingi huleta usingizi, na dereva asizitumie kabisa.

Hata baada ya maandalizi hayo, hofu inaweza kukujia ghafla ukiwa kwenye usukani: moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, na unahisi kama utapoteza udhibiti wa gari. Usifunge breki ghafla wala usisimame penye kona. Legeza mikono bila kuachia usukani, punguza mwendo, toa pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, kwa mfano kuhesabu nne kuvuta na sita kutoa, na uendelee hadi kituo cha mafuta au sehemu pana inayoonekana kwa mbali. Hapo egesha nje kabisa ya lami, washa taa za tahadhari na ushuke. Wimbi la namna hiyo kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi kisha hupungua lenyewe. Waambie walio ndani ukweli kwa sentensi moja, kwamba unapumzika kidogo, kwa maana ukimya wa dereva ndio unaowatisha watoto.

Iwapo hofu hiyo imekuwa ikikuzuia kuendesha kwa miezi kadhaa, au kama umetoka kwenye ajali na bado unaiota, likizo ya familia si mahali pa kujipima. Kodi gari pamoja na dereva, lipa posho yake, na uzungumze na mtaalamu wa afya ukirudi. Pia kuna njia ya kati ambayo watu huiona kama aibu bila sababu, nayo ni kuendesha wewe hadi Mombo, kisha kumpa usukani dereva wa huko aliyependekezwa na mwenyeji wako wa Lushoto, baada ya kumuuliza mmiliki wa gari kama mkataba unaruhusu na kuiona leseni ya dereva huyo.

Siku ya kurudi, kumbuka kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Gia ambayo ungeitumia kupanda ndiyo ya kushukia, na usithubutu kuweka nyutro ili kuokoa mafuta, kwa sababu breki zinazobeba uzito wote wa gari lenye watu saba hupata moto na kupoteza nguvu. Kanyaga, punguza, achia, kisha kanyaga tena, badala ya kuweka mguu juu ya breki kutoka Soni hadi chini. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikawa laini, egesha pakavu na uache magurudumu yapoe kwa muda wa kutosha bila kuyamwagia maji. Ukifika Dar es Salaam, jaza mafuta hadi kipimo ulichokikuta, osha gari ili lionekane, rekodi video nyingine mkiwa wawili na mmiliki, angalieni pamoja kama kuna faini mpya, na aandike kwamba amelipokea gari likiwa salama na kurudisha amana yako, ndipo umkabidhi ufunguo.