Kuleta watoto Kigoma likizo ya mwezi wa sita: anzeni shambani, Gombe ije baadae

Wazazi wengi wakipanga kuja Kigoma na familia wanaanza na sokwe. Mtoto anaambiwa "tunaenda kuona sokwe", anawatangazia darasa zima, halafu mnafika ndo mnaambiwa hifadhi ya Gombe mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni kufuata sokwe, na hifadhi ya Mahale ni 12. Sio roho mbaya ya askari wa hifadhi, sokwe wanaambukizwa mafua yetu na yanawaua kabisa, na watoto wetu hawa na makamasi yao mnawajua wenyewe. Kwa hiyo kama una watoto wa shule ya msingi panga safari kinyume, siku nyingi ziende milimani kwenye mashamba, msitu uwape kidogo mwishoni. Watoto hawana habari na mandhari, wanataka kitu cha kushika.

Mwezi wa sita ni mzuri kwa sababu mvua zimekata, barabara za vijijini zinapitika na kahawa inachumwa. Desemba inawezekana pia ila udongo wa huku ukilowa unateleza vibaya sana, bodaboda na mtoto mgongoni inakuwa mtihani.

Kahawa iko barabara ya Manyovu. Kigoma mjini unapanda gari za Manyovu, mnapita Mwandiga mnaanza kupanda milima, joto la ziwani linabaki nyuma, na ukifika Kalinzi unakuta migomba imekaa na mibuni chini yake. Ni arabika hiyo. Ukitaka kwenda mbele zaidi Buhigwe mpaka Manyovu mpakani na Burundi ni sawa, kuzuri zaidi na baridi zaidi, ila beba kitambulisho cha NIDA kila mtu mzima maana huku ni mpakani na watu wa uhamiaji wanakagua. Sweta msisahau. Watu wanasikia Kigoma wanabeba kaptula tupu, usiku wa mwezi wa sita huku juu mtalala mmejikunyata.

Kumpata mkulima wa kuwapokea sio kazi, ukiwa huna mwenyeji nenda ofisi ya kijiji ujitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, sema una watoto wanataka kuona kahawa inavyochumwa, utaelekezwa. Mkubaliane kabisa pesa kidogo ya usumbufu kabla hamjaanza, na usiende mikono mitupu, sukari na sabuni vinapokelewa vizuri kila nyumba. Kingine salamu. Waha, wenyeji wa huku, wanasalimiana kwelikweli, sio ile ya mjini ya kupita unapunga mkono, wafundishe watoto "mwakeye" ya asubuhi tangu mko kwenye gari, mtoto mdogo akimwamkia bibi wa Kiha kwa Kiha chake hicho cha kuungaunga hapo mmeshapata ndizi za kuchoma za bure.

Shambani kazi ya mtoto ni kuchuma nyekundu tu. Mpe kikapu kidogo, mwambie ya kijani aache na ya njano aache, na uone anavyokuwa mkali kuliko mwenye shamba, atawakagua hadi nyie wakubwa. Mwache anyonye ile nyama ya nje ya tunda ni tamu, kokwa ateme. Jioni ndo kunanoga maana kahawa iliyochumwa leo inamenywa leoleo, ukiiacha ilale inaanza kuchacha na ubora unashuka, kwa hiyo kuna mashine ya kuzungusha kwa mkono, mtu anamimina matunda juu na maji, maganda yanatokea huku punje zinatelezea kule, na watoto watagombania kuzungusha. Waambie wapokezane na vidole vikae mbali na meno ya mashine. Punje zikitoka zinateleza kama samaki, zinalazwa mpaka ule utelezi uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja siku nyingi tu. Hamtasubiri hiyo, muombeni mama mwenye nyumba zile kavu za zamani, mkoboe, mkaange kwenye chungu, mtwange kwenye kinu. Kazi ya kutwanga wape wale wakubwa wanaojiona wana nguvu. Kikombe chenyewe watoto watakunja sura wamrudishie baba, ni sawa.

Sasa kuhusu sokwe ambao mtoto hataruhusiwa kuwafuata, kuna kitu kinaokoa sana. Mwaka 1960 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, akiwa Gombe alimuona sokwe mmoja, alimpa jina David Greybeard, anachomeka kijiti cha nyasi kwenye kichuguu, anavuta, kimejaa mchwa, anakula. Wakati huo wasomi walikuwa wanasema binadamu peke yake ndo anatengeneza vifaa, ikabidi wafikiri upya, maana huyu sokwe alikuwa hadi anapukutisha majani ya kijiti kwanza ndo kikae sawa. Watoto wanaweza kujaribu hichohicho. Vichuguu vimejaa mashambani, muombe mwenye shamba akuonyeshe chenye uhai, toboa kidogo, mtoto achomeke unyasi mrefu laini taratibu asubiri halafu avute polepole, mchwa wale wenye vichwa vikubwa wanang'ata nyasi wanatoka wamening'inia. Akivuta kwa haraka wanaachia. Hapo ndo ataelewa mwenyewe kwamba sokwe sio mjinga, unyasi mgumu hauingii na mlaini sana unajikunja. Mvua za kwanza ndo mchwa wanakuwa wengi zaidi lakini hata kiangazi utawapata. Vidole viwe mbali, wanauma.

Mkishuka kurudi mjini pitieni kwa wakamua mawese, michikichi mtaiona yenyewe na mitambo iko mingi vijijini huku chini. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinakatwa na mpandaji kwa panga, zinaachwa siku kadhaa ziachie, zinapukuchuliwa, zinachemshwa kwenye pipa. Halafu kuna ile mashine ya kusaga ambayo ina mti mrefu juu, watu wanausukuma wakizunguka, na hapo kila mtoto atataka kusukuma, wasukume tu, ila pipa linalochemka liwe upande wa pili kabisa na mtu mzima asimame katikati bila simu mkononi. Mafuta yanachemshwa tena na maji mpaka mekundu yanapanda juu yanaenguliwa. Kambakamba zinarudi kuwa kuni, kokwa zinavunjwa zinatoa mise, kile kiini cha ndani, ya kukamua mafuta ya sabuni, hakuna kinachotupwa. Nguo nyeupe msivae, mawese hayatoki. Na kama watoto hawajawahi kula mawese waanze na kidogo, dagaa wa mawese na ugali wa muhogo ni mtamu lakini tumbo geni linaweza kuwakimbiza chooni usiku mzima.

Dagaa wenyewe kuwaona ni mwalo wa Kibirizi asubuhi mapema mitumbwi ikirudi, ila kwa mwezi wa sita ulizeni kwanza kama uvuvi umefunguliwa, maana mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Angalia mwezi kwanza! Wavuvi wanatumia taa kuwavuta dagaa, kwa hiyo siku za mbalamwezi kali wanapumzika na mtakuta watu wanashona nyavu. Kwenye giza ndo mtaona kitu, na usiku huohuo mkikaa sehemu yenye mwinuko ziwa linakuwa limejaa taa mpaka mbali, watoto watadhani kuna mji mwingine mle majini.

Gombe ni boti tu, hakuna barabara. Za abiria zinatoka hapohapo Kibirizi ila kwa watoto mimi nashauri boti ya kukodi au ya hifadhi, muondoke asubuhi na mapema kwa sababu kiangazi upepo unachachamaa baadae na mawimbi ya Tanganyika sio ya kuchezea. Jaketi la kuokolea maisha kila mtoto na limtoshe, boti haina usipande. Mkiwa majini waonyesheni milima, sehemu nyingi imebaki kipara kwa kulimwa na kukatwa kuni halafu ghafla kijani kinaanza, pale ndo mpaka wa hifadhi, hiyo peke yake ni somo la mazingira bila ubao.

Mkifika gawaneni. Mzazi mmoja na mwenye 15 kwenda juu wanafuata sokwe na muongozaji, mwingine anabaki na wadogo ufukweni ambako nyani wanapita wenyewe. Chakula kikae ndani, nyani wa pale wanajua mifuko ya watu. Msitegemee msitu mnene kila mahali, miinuko mingi ni miti ya miombo na nyasi, ule msitu wa kivuli wa kijani uko mabondeni penye vijito. Maporomoko ya Kakombe yako bonde mojawapo, ulizeni hifadhini kama siku hiyo wadogo wanaweza kupelekwa na muongozaji, inategemea sokwe wako wapi. Mtanzania analipa kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko mgeni, malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali sio kumpa mtu keshi mkononi.

Kuogelea ziwani msijiamulie popote, kichocho kipo hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na mamba nao wapo, ulizeni wenyeji kwanza. Wengi wanapeleka familia ufukwe wa Jakobsen kule Katonga. Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu ya pale wasafiri Livingstone na Stanley walipokutana 1871 nusu saa inatosha, watoto watachoka kusikiliza ila miembe wataipenda.

Mkinunua mawese ya kurudi nayo nunueni dumu jipya lenye mfuniko wa kukaza, wekeni nailoni kabla ya kufunga, na lisimame wima kwenye buti mbali na mabegi ya nguo. Kahawa chukueni iliyokobolewa bila kukaangwa, inakaa muda mrefu zaidi.