Kutengeneza habu na ekseli ya trela ya boti: somo kwa wenye trela wa Moshi na Arusha

Trela ya boti hufa kwa sababu ambayo trela ya mizigo haikutani nayo. Safari ya kutoka Moshi hadi Tanga ni ya zaidi ya kilomita 300, na kwa mwendo huo wote, chini ya uzito wa boti na injini, habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye ekseli, hupata joto. Mwenye boti akifika pwani anataka kuwahi maji yaliyojaa, kwa hiyo anairudisha trela moja kwa moja baharini. Hewa iliyomo ndani ya habu hupoa ghafla na kusinyaa, ikayavuta maji yapite kwenye sili iliyochoka, yaani pete ya kuzuia maji, hadi kwenye beringi. Trela ikirudi nyumbani na kuegeshwa wiki kadhaa, kutu huanza kuzila roli zilezile zitakazobeba boti safari ijayo. Maji baridi ya bwawa la Nyumba ya Mungu hayana chumvi ya bahari, lakini nayo huharibu grisi na kuleta kutu, ila taratibu zaidi.

Wengi wakisikia gurudumu linaunguruma hukimbilia dukani kununua beringi. Ninawasihi msifanye hivyo kabla ya kupima ncha ya ekseli, yaani sehemu ile ya mwisho ambayo beringi hukaa juu yake, kwa kuwa beringi mpya kwenye ncha iliyolika ni fedha iliyotupwa, na gurudumu linaweza kuchomoka barabarani likamkuta mtu asiyehusika.

Hatua ya kwanza: kuinua trela

Shusha boti ikiwezekana. Egesha trela mahali tambarare, iache imefungwa kwenye gari, na uweke vizuizi kwenye gurudumu la upande wa pili. Legeza nati za tairi kabla ya kupiga jeki, kisha inua na uweke stendi imara chini ya fremu. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu anayefanya kazi pembeni yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise, halafu ulizungushe ukisikiliza.

Hatua ya pili: kufungua habu

Gonga kofia ya vumbi kidogo kidogo kuizunguka pande zote, nyoosha na uchomoe kotapini, yaani pini inayozuia nati isifunguke, fungua nati, toa washa na beringi ya nje, kisha vuta habu. Mara nyingi pete ya ndani ya beringi ya nyuma, ndiyo beringi ya ndani, hubaki imeng'ang'ania kwenye ekseli. Vaa miwani ya kazi, ikate kwa grenda karibu iishe, uache unene mdogo tu, halafu weka patasi ya chuma kwenye mkato huo na uipige mara moja. Pete itapasuka na kuachia bila jiwe la grenda kugusa ekseli. Mwenye haraka hukata mpaka mwisho, na mkwaruzo anaouacha pale huwa ndio mwanzo wa ufa.

Hatua ya tatu: kupima ncha ya ekseli

Hapa msiharakishe. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa au dizeli, si petroli, kisha kausha. Pima kwa venia, yaani kipimo cha kubana cha vipenyo, mahali beringi ya ndani inapokaa, kwanza juu kwenda chini, halafu mbele kwenda nyuma. Fanya vivyo hivyo mahali pa beringi ya nje. Uzito wa trela hukandamiza upande wa chini wa ncha, kwa hiyo chuma huanza kulika huko, na vipimo hivyo viwili vikitofautiana, ncha si ya duara tena. Linganisha pia na namba ya beringi. Trela nyingi za mtindo wa Kimarekani zenye ekseli ya kubeba karibu tani moja na nusu hutumia L68149 kwa ndani, yenye tundu la milimita 35 hivi, na L44649 kwa nje, yenye tundu la milimita 27 hivi. Beringi sahihi huingia kwa kusukumwa na mkono, na ikishaingia haichezi.

Angalia rangi pia. Chuma kilichogeuka bluu kimepata joto la karibu nyuzi 300, na ukiona bluu nzito pamoja na mifereji, ncha hiyo haifai. Hitilafu nyingine hujificha nyuma ya beringi, pale mdomo wa sili unaposugua: vishimo vya kutu mahali hapo hukata sili mpya kabla haijatumika sana.

Hatua ya nne: kutibu au kubadilisha ncha

Mikwaruzo midogo huondolewa kwa msasa laini uliozungushiwa ncha na kuvutwa huku na huku, si kwa tupa. Chuma kilicholika ni jambo jingine. Kuna mafundi wanaogonga vidoti kwa sentapanchi kuizunguka ncha ili beringi ikaze, na wengine huzungushia kipande cha bati. Vidoti vile hugusa beringi kwa vilele vyake tu, na vilele hivyo husagika mapema ukianza safari. Kujazia kwa welding kisha kukereza kunaonekana kuzuri kwa macho, lakini joto la kuchomelea hudhoofisha chuma pale kwenye bega la ncha, ambapo ekseli hupinda zaidi ikibeba mzigo. Kwa trela ya boti, mimi sikubali.

Badilisha ekseli nzima. Kabla ya kuifungua ya zamani, weka alama upande wake wa juu, kwa sababu ekseli nyingi zimepindwa kidogo kuelekea juu na hazipaswi kugeuzwa. Chukua kipimo cha kutoka uso wa habu moja hadi uso wa habu ya pili, na kingine cha kutoka katikati ya springi moja hadi katikati ya nyingine. Yuboti, yaani boliti za umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi, ziwe mpya.

Hatua ya tano: habu

Ng'oa vikombe vya beringi, yaani pete za nje zilizobanwa ndani ya habu, kwa kugonga kutoka ndani, upande huu na upande ule kwa zamu. Kikombe kipya kiingizwe kwa kugongwa kupitia kile cha zamani. Kikifika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika na kuwa mkavu. Ikiwa kikombe kinazunguka ndani ya habu kwa kidole, habu hiyo itupwe.

Hatua ya sita: grisi na kukaza

Tumia grisi inayostahimili maji, wala usichanganye na ya zamani. Weka bonge kwenye kiganja na uisukumie beringi upande wake mpana mpaka grisi ichomoze juu kati ya roli, kisha endelea kuizunguka yote. Fungia sili, rudisha habu, na kaza nati kwa spana huku ukiizungusha habu ili roli zikae. Halafu ilegeze kabisa, uikaze tena kwa vidole tu, na ikiwa tundu la kotapini halijalingana, rudi nyuma hadi tundu linalofuata. Weka kotapini mpya. Habu izunguke laini na iwe na mchezo mdogo sana, usiozidi robo ya milimita. Baada ya kilomita 15 hivi simama uiguse: uvuguvugu ni sawa, lakini ikiunguza mkono, fungua tena. Nati za tairi zikazwe upya ndani ya kilomita 80 za kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Himo: Shikamoo mwalimu. Namba kwenye beringi zangu zimefutika kabisa. Nitanunuaje?

Jibu: Marahaba. Pima tundu la ndani, kipenyo cha nje cha kikombe, na upana wa beringi ikiwa ndani ya kikombe chake. Nenda dukani na vipimo hivyo vitatu pamoja na beringi yenyewe, tena uwe umeshapima na ncha ya ekseli, kwa maana ndiyo itakayokuambia tundu halisi lilikuwaje kabla beringi haijaharibika.

Mwanachama wa Arusha: Ekseli yangu imepakwa zinki. Fundi wa mtaa wa Unga Limited anataka kuchomelea vishikio vya springi juu yake. Kuna tatizo?

Jibu: Lipo, ndugu yangu. Moshi wa zinki iliyochomwa humletea fundi homa na kubanwa kifua. Zinki isagwe kwanza mpaka chuma kionekane, kazi ifanyike nje penye upepo, na sehemu hiyo ipakwe rangi ya zinki baadaye. Mwambie asisogee karibu na ncha.

Mwanachama wa Mwanga: Sisi tunavua Nyumba ya Mungu, trela inaingia majini karibu kila siku. Habu ina chuchu ya grisi. Inatosha kupampu tu bila kufungua?

Jibu: Haitoshi, kaka. Kupampu kunaongeza grisi, hakukuonyeshi kutu. Kwa matumizi yenu, fungueni kila baada ya miezi michache, na sili ibadilishwe kila mnapofungua. Mnapopampu, fanyeni polepole huku gurudumu likizungushwa, kwa sababu msukumo mkubwa huitoa sili mahali pake, nanyi mtakuwa mmeyafungulia maji njia. Na mkifika bwawani, acheni habu ipoe mpaka mkono uweze kukaa juu yake, ndipo mrudishe trela majini.