Jinsi ya kuchora ramani ya msitu pamoja na wenyeji wake

Kwenye ramani nyingi za serikali, msitu wa mvua ni rangi ya kijani tu, kana kwamba hauna wenyewe. Ndiyo maana ni rahisi kukata kitalu cha mafuta au cha magogo juu yake. Jamii ya Waorani wa Ekuador ilichora ramani yake, na Aprili 2019 mahakama ya mkoa wa Pastaza ikaamua kwamba serikali haikuwashirikisha ipasavyo kuhusu mpango wa mafuta uliogusa takriban hekta 180,000 za ardhi yao. Ramani pekee haishindi kesi, lakini bila ramani mabishano huanza na swali la kama kuna mtu anayeishi humo.

1. Omba ridhaa, kisha ondoka. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataka ridhaa huru, ya mapema, inayotolewa baada ya watu kuelewa jambo lenyewe. Kwa vitendo: kikao cha wote, kwa lugha yao, wanawake na vijana wakiwemo. Eleza faida na hatari, kisha waache wajadili bila wewe. Sahihi ya kiongozi mmoja haitoshi. Wakikataa, wamekataa.

2. Chora chini kwanza. Acha simu mfukoni. Wape wazee fimbo na uwanja mkavu. Mara nyingi wataanza na mto, halafu vijito kimoja kimoja kwa majina, ndipo waweke mawindo, mizinga ya nyuki, mahame na makaburi. Wakibishana kijito fulani kinaingilia wapi, usiwakatize. Hapo ndipo utajua mpaka haujatulia na jirani gani anapaswa kuitwa.

3. Amueni kisichoandikwa. Hatua hii huwa inarukwa, nami naiona nzito kuliko zote. Ukiweka alama kwenye mti wa dawa, mahali pa tambiko au mbao za thamani, umemwelekeza mwizi. Tengenezeni ramani mbili: ya ndani yenye kila kitu, na ya nje yenye mipaka, makazi na matumizi ya jumla. Andikeni nani anatunza nakala ya ndani na nani anaruhusiwa kuifungua. Asiwe wewe.

4. Tembeeni mipaka. Programu za ramani za simu kama CoMapeo hufanya kazi bila intaneti, na simu hubadilishana kumbukumbu zenyewe kwa zenyewe. Chini ya majani mazito GPS hubabaika: simameni, subirini mita za makosa zipungue, au sogeeni kwenye uwazi kisha muandike umbali na upande. Kila alama ipigwe picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha mazingira, nyingine ya karibu yenye futikamba.

5. Fuatilieni kwa satelaiti. Global Forest Watch, tovuti inayofuatilia misitu, ni bure. Tahadhari zake za kupotea kwa miti zinazotokana na satelaiti za Landsat huona vipande vya mita 30, lakini mawingu huzikwamisha. Zile za rada hupenya mawingu. Tahadhari si ushahidi, huenda ni shamba la familia au miti iliyoangushwa na upepo. Watu waende kuhakiki, wapige picha kwa mbali, warudi. Kumkabili mkata magogo mwenye silaha si kazi ya doria ya kijiji.

6. Pelekeni ramani panapohusika. Njia hutofautiana. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, amri ya 2014 inaruhusu jamii kupata msitu usiozidi hekta 50,000. Brazili hutegemea kifungu cha 231 cha katiba ya 1988, kinachotambua haki ya wenyeji juu ya ardhi yao. Mwanasheria aingie kabla ya kutembea mipaka, maana yeye ndiye atakayejua ofisi inataka vipimo vya aina gani.

Kabla ya kuwasilisha, chapisheni rasimu kubwa, irudi kijijini, majina yasomwe kwa sauti na yasahihishwe. Simu na chaja zibaki huko. Fedha za matengenezo ziwekwe kwenye bajeti mapema, kwa kuwa wafadhili wengi hupenda kulipia uzinduzi kuliko betri.