Kusikiliza Muziki wa Kale wa Ulaya kwa Sikio Lililolelewa na Udi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mimi ni mpiga udi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na vijana wa kikundi chetu cha taarabu kusikiliza muziki wa Ulaya wa kabla ya piano: nyimbo za Zama za Kati, nyimbo na ngoma za Zama za Mwamko (Renaissance), pamoja na muziki wa kienyeji wa Ayalandi, Uskoti na Bretagne (kaskazini-magharibi mwa Ufaransa) ambao watu huuita wa Kiselti. Wengi huanzia pabaya. Hutafuta maneno "muziki wa kale" kwenye simu, wakaletewa rekodi ya saa tatu yenye picha ya ngome na ukungu, na baada ya dakika kumi huiacha ivume tu nyuma ya mazungumzo. Mwongozo huu unafuata njia niliyopita mwenyewe, yaani kuingia kwa mlango wa vyombo tunavyovijua, kusikiliza nyimbo chache mara nyingi, na kuushirikisha mwili, kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki huu ilitungwa ili watu wacheze au waitikiane.

Hatua ya 1: Liandae sikio

Tafuta hedifoni, hata za bei ndogo. Spika ya simu hukata sauti nene, na katika muziki huu mara nyingi kuna sauti moja nene inayosimama chini ya wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, huku nyingine zote zikipanda na kushuka juu yake. Ukiikosa hiyo, wimbo wote utakuonekania mtupu. Pakua rekodi mapema badala ya kuzisikiliza moja kwa moja mtandaoni, ili bando lisikukatie ubeti katikati.

Weka daftari karibu. Sikiliza wimbo mmoja mara tatu kwa siku moja. Mara ya kwanza usiandike kitu. Mara ya pili andika ni chombo gani kinachoongoza na kama ile sauti ya kusimama ipo. Mara ya tatu gonga mapigo mezani kwa kidole na uamue kama yanagawanyika kwa mbili au kwa tatu. Nyimbo mbili kwa juma zinatosha kabisa.

Hatua ya 2: Anzia kwenye udi

Ala kuu ya nyuzi ya Ulaya ya zamani, luti, ilipata jina lake kutokana na Kiarabu "al-ud", neno lile lile lililotupatia sisi udi. Chombo chenyewe kilivuka pamoja na jina lake, kupitia Andalusia na Sisilia. Haikuwa peke yake: rababa, ala ya Kiarabu ya kupigwa kwa upinde, ilizaa fidla ndogo iliyoitwa rebec, kanuni, ile ala yetu ya nyuzi nyingi, ilipata ndugu zake katika makasri ya Hispania, na kwenye ngoma za nje ya nyumba Wazungu walikuwa na zumari kali yenye ulimi mdomoni, ambayo mtu wa Lamu angeisikia mara moja akasema hii ni nzumari.

Kwa sababu hiyo, mimi humwanzisha kila mgeni kwa Cantigas de Santa Maria. Hizi ni nyimbo zaidi ya 400 za kumsifu Bikira Mariamu na kusimulia miujiza yake, zilizokusanywa katika baraza la Alfonso X, aliyekuwa mfalme wa Kastilia, katika Hispania ya leo, kuanzia 1252 hadi 1284. Lugha yake ni Kigalisia-Kireno cha wakati ule. Msahafu mmoja wa nyimbo hizo umehifadhiwa El Escorial, karibu na Madrid, nao una picha 40 ndogo za wanamuziki walioshika vyombo vyao. Katika mojawapo wanaonekana wapigaji wawili, mmoja wao katika mavazi ya Kiislamu, wameketi pamoja kila mmoja na ala yake ya nyuzi. Tafuta picha hiyo kabla ya kusikiliza. Itakueleza kwa nini sauti unayotaka kuisikia haitakuwa ngeni.

Chagua cantiga moja tu. Utasikia kwamba kiitikio hutangulia, kisha mwimbaji mmoja anasimulia ubeti, halafu kundi linarudi na kiitikio kile kile. Aliyekulia penye kasida anaufahamu mpangilio huo bila kufundishwa, ingawa anayesifiwa ni mwingine na ibada ni nyingine. Usihangaike na maneno. Jifunze kiitikio mpaka uweze kukiimba kwa mguno ukiwa jikoni au njiani, ndipo uanze kusikiliza jinsi mwimbaji anavyobadilisha kidogo kidogo kila ubeti.

Kuna jambo la kuzingatia hapa, na kwangu ndilo lililo tamu kuliko yote. Misahafu hii inatupatia wimbo wa sauti moja, lakini haisemi ni vyombo gani vipigwe, wala ngoma iingie wapi, na hata mapigo wataalamu huyasoma kwa njia tofauti. Kila kundi la leo hulazimika kuamua lenyewe. Kwa hiyo tafuta rekodi mbili za cantiga ile ile, kwa mfano moja ya Jordi Savall na moja ya Eduardo Paniagua, uzisikilize mfululizo. Katika moja unaweza kukuta udi, ngoma na kishindo. Katika nyingine, sauti ya mwanamke peke yake juu ya uzi mmoja unaovuma. Andika katika daftari ni ipi iliyokushika na kwa nini. Usitafute iliyo sahihi.

Tahadhari moja kwa wanaojua maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu: sikio lako litangoja zile robo za sauti za rast au bayati. Hazitakuja katika rekodi nyingi. Muziki wa kanisa wa Ulaya ulitumia ngazi nane zake, na nyimbo za nje ya kanisa nazo zilikaa jirani na hizo. Zipokee kama zilivyo.

Hatua ya 3: Sauti peke yake

Sasa ondoa vyombo vyote. Sikiliza Hildegard von Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyezaliwa 1098 na kufariki 1179, ambaye aliacha nyimbo zaidi ya 70 na mchezo wa kuimbwa kuhusu maadili. Kundi la Sequentia, lililoanzishwa 1977, limerekodi kazi zake zote. Nyimbo zake huruka juu ghafla kwa namna ambayo watunzi wengi wa kanisa wa wakati wake hawakuithubutu. Zima taa. Wimbo mmoja kwa usiku mmoja, basi.

Hatua ya 4: Kutoka risha hadi vidole

Mpiga luti wa Zama za Kati alishika risha, unyoya halisi wa ndege, kama walivyofanya wapiga udi wetu wa zamani. Risha hupiga mstari mmoja wa wimbo, kwa kasi na kwa ukali unaopendeza. Mwishoni mwa karne ya 15 wapiga luti wa Ulaya walianza kuiweka risha kando na kutumia ncha za vidole, na shingoni mwa chombo walikuwa wamefunga vipande vya utumbo wa mnyama ili kila sauti ikae mahali pake. Jambo hilo dogo la mkono lilileta badiliko kubwa, kwa kuwa kidole gumba kiliweza kushika sauti ya chini wakati vingine vinaimba ya juu na ya kati. Mtu mmoja akawa waimbaji watatu. Nilipolielewa hili nilichukua udi wangu, nikaweka risha chini na kujaribu kwa vidole. Nilipata sauti laini iliyonishangaza, nikatambua pia kwa nini luti haifai kushindana na ngoma.

Ufumaji huo wa sauti nyingi ndio moyo wa Zama za Mwamko, na msikilizaji mpya huzama ndani yake. Dawa yake ni kufuata sauti ya chini kabisa kwanza, kwa wimbo mzima, kana kwamba nyingine hazipo. Rudia, ufuate ya juu. Anza na luti moja kabla ya kwaya: John Dowland, aliyeishi kati ya 1563 na 1626 na kufanya kazi kwa miaka kadhaa katika baraza la mfalme wa Denmaki, ana wimbo maarufu wa machozi, Lachrimae, unaofunguka kwa noti nne zinazoshuka ngazi kwa ngazi. Zikariri hizo noti nne. Kisha zisubiri, uone zinavyojitokeza tena katika sauti nyingine. Wimbo wa Thomas Tallis wa sauti 40, uliopangwa kwa kwaya nane za watu watano watano, uache mpaka mwezi wa tatu. Ukiusikiliza mapema utasikia ukubwa wake tu.

Halafu simama, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki wa zama hizi ni ngoma. Tielman Susato alichapisha mkusanyo wa ngoma huko Antwerp mwaka 1551, na Thoinot Arbeau alichapisha 1589, Ufaransa, kitabu kinachoeleza hatua za miguu zikienda sambamba na noti. Jifunze ngoma iitwayo pavane sebuleni mwako. Piga hatua kwa mguu wa kushoto, ulete wa kulia ukutane nao; piga kwa wa kulia, ulete wa kushoto; kisha hatua tatu mfululizo na kukutanisha. Mwendo ni wa pole na wa heshima, mapigo yakigawanyika kwa mbili. Mara nyingi hufuatwa na galliard, ambayo hugawanyika kwa tatu: katika mapigo sita mchezaji hurusha mguu mara nne, kwenye la tano anaruka, kwenye la sita anatua. Ukishauruka ule mruko mara moja, hutasahau tena pumzi ndogo inayoachwa na wapigaji kabla ya kutua, na utaisikia kila mahali.

Wakati huo huo, pwani yetu haikuwa kimya. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, mmoja wa wenzake aliandika katika shajara ya safari kwamba mfalme wa mji alikuwa na siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kama mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni na kupatana vizuri na tarumbeta nyingine. Josquin des Prez, bwana mkubwa wa sauti zilizofumwa, alikuwa hai siku hiyo, na miaka mitatu baadaye, 1501, mchapishaji Petrucci alichapisha huko Venice kitabu cha kwanza cha muziki wa aina hiyo kwa herufi za kupangwa. Kila nikisikiliza Josquin huikumbuka siwa ile, ambayo hakuna aliyeiandikia noti.

Hatua ya 5: Ingia kwa Waselti, lakini kwa jina sahihi

Jina "Kiselti" lina utata. Hakuna anayejua nyimbo walizopiga Waselti wa kale. Nyimbo nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni za karne ya 18 na kuendelea, na kila nchi ina desturi yake. Kwa hiyo usitafute "Kiselti". Tafuta Ayalandi, Uskoti, Bretagne, Galisia ya Hispania, moja baada ya nyingine.

Anza na jigi, aina ya ngoma ya Kiayalandi. Ina mapigo mawili makubwa, kila moja likigawanyika kwa tatu, na anayeijua chakacha ataanza kutikisika kabla ya kuhesabu. Wimbo una sehemu mbili fupi, kila moja hurudiwa, kisha wote huzungushwa mara mbili au tatu, na ghafla wapigaji huvuka kwenye wimbo mwingine bila kusimama. Kazi yako ni kuinua mkono pale wanapovuka. Msikilize Martin Hayes, mpiga fidla wa Kaunti ya Clare, anavyorudia sehemu ile ile kwa mapambo tofauti; kisha wasikilize wapiga zumari za mfuko, zile zinazojazwa upepo kwa mvukuto unaokandamizwa na kiwiko, zenye ile sauti ya kusimama uliyoizoea tangu juma la kwanza.

Kinubi kina kisa chake. Mnamo Julai 1792 wapiga vinubi wachache waliokuwa wamebaki waliitwa Belfast, na kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akaajiriwa kuziandika nyimbo zao. Mmoja wao, Denis Hempson, mzee wa zaidi ya miaka 90, bado alipiga nyuzi za shaba kwa kucha ndefu, namna ya kale ambayo wenzake walikuwa wameiacha. Nyingi za nyimbo za Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyefariki 1738, tunazo kwa sababu watu walizinakili kwa wakati.

Kutoka Bretagne sikiliza kan ha diskan, uimbaji wa watu wawili katika ngoma za usiku, ambapo wa pili hudaka silabi za mwisho za mwenzake na kuurudia mstari mzima. Kutoka visiwa vya magharibi mwa Uskoti sikiliza nyimbo za wanawake waliokuwa wakikanda kitambaa cha sufu mezani ili kikaze: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kitambaa kinatoa mdundo. Mtu aliyewahi kusikia nyimbo za kutwanga ataelewa bila tafsiri.

Hatua ya 6: Shika chombo

Nunua filimbi ya bati ya D, yenye matundu sita. Mimi nilianza vibaya, kwa kusoma noti kutoka karatasini, na kwa miezi nilipiga kama mtu anayesoma barua kwa sauti. Jifunze kwa sikio. Punguza kasi ya rekodi hadi robo tatu, ushike mstari mmoja kwa siku, na noti uzitazame baadaye kwa kuhakikisha tu. Tovuti ya The Session ina maelfu ya nyimbo za Kiayalandi. Na mkusanyo wa 1903 wa Francis O'Neill, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, una nyimbo 1,850.

Kwa wimbo wa kwanza, hata hivyo, nakushauri urudi Zama za Kati: Cuncti simus, kutoka Kitabu Chekundu cha Montserrat, monasteri ya Hispania, cha mwishoni mwa karne ya 14, kilichoandaliwa kwa mahujaji waliotaka kuimba na kucheza wakati wa mkesha. Ni wimbo wa sauti moja, wa kucheza kwa duara, na kiitikio chake ni kifupi. Mtafute mwenzako mwenye udi. Yeye ashike uzi mmoja mnene, aupige taratibu bila kuuacha. Wewe piga kiitikio mara nne juu yake. Kisha mbadilishane.