Jinsi ya kusoma taarifa ya ubora wa maji ya bomba

Taarifa hizi huandikwa na watu wa maabara, na sisi watu wa maabara hujisahau tukadhani kila msomaji anajua tunachokijua. Mpangilio ninaoufuata mimi ni huu.

1. Pata jedwali lenyewe. Angalia kwenye bili ni nani anayekuletea maji, kisha tafuta matokeo kwenye tovuti yake, kwa mdhibiti wa huduma za maji au kwa idara ya afya. Omba matokeo ya kila sampuli. Kile kipeperushi chenye picha ya glasi inayometameta hakina kazi hapa. Uliza pia mtaa wako unalishwa na mtambo upi wa kusafisha maji, maana mji mmoja unaweza kuwa na vyanzo kadhaa.

2. Soma mahali kabla ya tarakimu. Safu hii ndiyo inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Sampuli ilichukuliwa mtamboni, kwenye tangi, au kwenye bomba la mteja?

Chukua risasi, yaani ile metali yenye sumu (lead). Mara nyingi maji hutoka mtamboni bila risasi, yakaikuta njiani: kwenye mabomba ya zamani, maungio yaliyochomelewa kwa risasi, hata kwenye koki. Kwa hiyo “risasi haikuonekana” ya mtamboni haikuambii lolote kuhusu jikoni kwako. Hata saa ina maana yake: maji yaliyolala bombani usiku kucha huonyesha risasi zaidi kuliko yaliyoachwa yatiririke kwanza.

Klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, ni kinyume chake, hupungua kadiri maji yanavyosafiri. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau 0.2 mg/L (miligramu kwa kila lita) maji yanapomfikia mtumiaji. Ukionyeshwa 0.8 ya mtamboni, uliza ya mwisho wa laini ni ngapi.

3. Kagua kizio. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Kikomo cha aseniki, ambayo ni sumu, cha Shirika la Afya Duniani ni 10 µg/L (mikrogramu kwa kila lita), yaani 0.01 mg/L, ni kitu kilekile, ila jedwali moja huandika hivi na jingine vile.

Mtego mkubwa uko kwenye naitreti, kemikali yenye nitrojeni ndani yake. Kikomo ni 50 mg/L ikihesabiwa kama naitreti, lakini ni takriban 11 ikihesabiwa kama nitrojeni. Tuseme umeona 12. Kama ni naitreti, uko salama kabisa. Kama ni nitrojeni, zidisha kwa 4.43 upate kama 53: kikomo kimeshapitwa, na nyumba yenye kichanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo ina sababu ya kuhangaika.

4. Usiisome alama ya “<” kama sifuri. Maana yake ni kwamba kifaa hakiwezi kuona chini ya hapo. Maabara ikiandika aseniki “<20 µg/L”, haijakujibu, kwa sababu kikomo ni 10.

5. Shuku wastani. Kwa vijidudu vya E. koli, ambavyo ni dalili ya kinyesi majini, kipimo ni kimoja tu: visionekane katika mililita 100. Wastani wa mwaka hauna maana hapo. Wakikuambia asilimia 98 ya sampuli zimefaulu, uliza zilizofeli zilitoka wapi, lini, na kama walirudi kupima tena palepale. Swali hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho.

6. Ukibaki na shaka, pima bomba lako. Iulize maabara kwanza namna ya kuchukua sampuli, maana chupa ya vijidudu huwa imetakaswa na ya risasi huandaliwa kivyake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi wala naitreti: maji yanapopungua sufuriani, vitu hivyo vinabaki, na kila kikombe kinakuwa navyo zaidi.