Kuwafundisha wahudumu wa kliniki mfumo mpya wa kompyuta

Mimi ni ofisa wa rekodi katika kliniki ya upande wa Likoni, Mombasa, na nimewaketisha wauguzi, matabibu, watu wa maabara na wa dawa mbele ya skrini kwa mara yao ya kwanza. Mafunzo ya siku moja ukumbini, watu wote pamoja na kila kitufe kikionyeshwa ukutani, nimeyakataa. Kesho yake foleni hufika mlangoni na hakuna anayekumbuka pa kuanzia. Muuguzi wa sindano hana haja na mfumo mzima. Anataka kujua kazi yake ya asubuhi inafanywaje humo ndani.

Kwa hivyo kabla ya kuwasha mashine, shika daftari umfuate mgonjwa: mapokezi, meza ya presha na uzito, kwa daktari, maabara, dawa, malipo. Kila mahali uliza ni kitabu gani kinaandikwa, nani anakisoma baadaye, na kwa nini. Rejista za wizara kila mtu anazijua. Tafuta vile vitabu visivyo rasmi. Chumba cha uzazi wa mpango mara nyingi kina daftari la shule ambamo sista ameandika kina mama wa kupigiwa simu tarehe ya sindano ikikaribia. Kama daftari hilo halina mahali pake kwenye mfumo, sista ataendelea nalo, na atakuwa na haki. Waambie waliotengeneza programu waliwekee mahali kwanza, ndipo uanze kufundisha.

Chagua siku vizuri. Mwanzo wa mwezi usiguse, maana watu wanahesabu rejista ili MOH 705, ripoti ya wizara ya kila mwezi ya magonjwa ya wasiolazwa, iende. Siku ya kliniki ya watoto pia achana nayo, na Ijumaa mchana vilevile. Mwezi wa Ramadhani fundisha asubuhi, watu wakiwa na nguvu. Nusu saa kwa mtu mmoja, kwenye meza yake mwenyewe, yatosha. Tumia nakala ya mazoezi yenye wagonjwa wa kubuni. Faili za watu halisi si za kujifunzia.

Anayejifunza ndiye ashike mausi. Hili nalishikilia sana. Akikwama, mwambie pa kubonyeza na umngoje, hata kama foleni ya maneno imekujaa kinywani. Ukimnyang'anya mausi mara mbili, mara ya tatu atakuita uje umfanyie.

Kwa muuguzi mkongwe, aliyejaza rejista tangu wewe uko shule, anza kwa heshima: "Shikamoo Bi. Naomba unionyeshe unavyoijaza hii, ili nikuonyeshe safu zake zimekwenda wapi." Mwekee rejista kando ya skrini, safu kwa safu. Mara nyingi ni yeye atakayegundua kwamba kitu muhimu kimeachwa. Kosa lake usilisahihishe mbele ya vijana. Ngoja mbaki wawili.

Mapokezi wape muda mrefu kuliko wote, kwa sababu kosa la pale huenda na mgonjwa hadi dirisha la dawa. Huku kwetu Mohamed, Muhammad na Mohammed wanaweza kuwa mtu mmoja. Fatma wa leo alikuwa Fatuma mwezi uliopita. Mjukuu hupewa jina la babu, basi Ali Hamisi Ali na Hamisi Ali Hamisi ni baba na mwana, na wote wanakuja kwetu. Karani akiharakisha na kufungua faili jipya, yule aliyeandikiwa kwamba penisilini inamdhuru anaingia kwa daktari akiwa na faili tupu.

Wafundishe kutafuta kabla ya kusajili, kwa mpangilio huu: nambari ya kitambulisho, kisha nambari ya simu, kisha jina kwa tahajia zaidi ya moja. Simu peke yake haitoshi, maana mama mmoja huandikisha watoto watatu kwa nambari yake. Hakikisha pia tarehe ya kuzaliwa. Mzee asiyejua tarehe yake, weka umri wa makadirio kama mfumo unaruhusu, usimbunie Januari mosi. Na tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, sisitiza jina liandikwe vile lilivyo kwenye kitambulisho. Fanyeni zoezi: andaa wagonjwa wa kubuni wenye majina yanayokaribiana, karani amtafute aliye sahihi huku wewe ukijifanya mgonjwa mwenye haraka.

Meza ya vipimo, jambo kubwa ni nukta. Mtoto wa kilo 7.5 akiandikwa 75, na kipimo cha dawa kinahesabiwa kwa uzito, hatari iko wazi. Mzoeshe muuguzi kuisoma namba kwa sauti mbele ya mama kabla ya kuihifadhi. Mama anajua mtoto wake ana kilo ngapi.

Kwa daktari, geuza meza. Skrini ikae ubavuni ili asimpe mgonjwa mgongo, na mkono usiguse kibodi kabla ya salamu na "unasikiaje?"

Nywila ni ya mtu mmoja. Waeleze sababu: dawa ikitolewa kwa jina lako, wewe ndiye utakayeulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Anayeondoka mezani afunge skrini, hata kama anakwenda kuchukua maji tu.

Stima itapotea, kwa hivyo fundisha hilo pia. Chapisha karatasi zenye mpangilio uleule wa skrini, ziweke mahali panapojulikana, na taja kwa jina nani ataziingiza stima ikirudi, siku hiyohiyo. Kisha zima mashine makusudi saa moja tulivu mfanye mazoezi.

Mwanzoni karatasi na kompyuta zitakwenda pamoja. Weka tarehe ya kuacha kuandika mara mbili na uiheshimu, isipokuwa kwa rejista ambazo wizara bado inazidai. Watu wakiandika mara mbili bila mwisho huchoka, na kinachoachwa huwa ni kompyuta.

Baada ya mwezi, fungua faili kumi za kila chumba uangalie nafasi zilizobaki tupu. Kisha nenda kwa mwenye chumba, keti, umuulize ni nini kinamzuia kuzijaza.